Jogoo wa Kufungulia Boma

Kuna watu wanaoponzwa na uchafu, na kuna Christabel Amondi. Huyo aliponzwa na usafi, akatuponza na sisi wote, na mpaka leo nikikumbuka nakasirika, hasira ikipoa naona huruma, na huruma ikizidi nakasirika upya. Mimi ni Jecinta, mwenye lile duka dogo nje ya lango la kambi ya majani chai hapa Boito. Mdomo wangu hauna mlango, kila mtu anajua. Kwa hivyo nitasema nilivyoona, na anayetaka kununa anune.

Christabel alichuma majani ya kampuni miaka ishirini na saba. Alikuja kutoka kwao Nyakach akiwa na mtoto mgongoni, huyo mtoto ndiye Alfayo, sasa ni mwanaume na ndevu zake, anafanya kazi ya maua Naivasha. Mumewe, Kepher Owiti, alikuwa kiwandani upande wa kunyausha majani. Walikaa nyumba moja ya kambi miaka hiyo yote, chumba na jikoni, na mbele ya mlango ungeweza kulia ugali chini bila sahani. Sitanii. Kila mwaka kampuni iliwaketisha wachumaji na kuwafundisha usafi: nawa mikono, usinywe maji ya mto, chota maji ya mfereji kwa sababu yana dawa. Wengine walisinzia, yeye alishika yale maneno kama aliyebatizwa mara ya pili. Akija dukani alikuwa ananiuliza, "Mama Kim, hiyo maji ya ndoo umetoa wapi?" Nilikuwa namwambia nimetoa kwa shetani. Hakuwahi kucheka.

Kuku walikuwa wake, mbwa walikuwa wa mzee. Wawili hao walikaa na kuku na mbwa kwenye kiwanja cha hatua kumi na mbili, na sijawahi kuona manyoya yakiruka. Kepher alikuwa na njia yake. Mbwa akiletwa akiwa mdogo, alimlisha sinia moja na vifaranga, mkono wake mwenyewe ukiwa katikati. Mbwa akikodolea kifaranga macho, anapigwa kidole puani. Akila polepole, anakunwa shingo. Baada ya mwezi mbwa huyo anaweza kulaliwa mgongoni na vifaranga na asishtuke.

Majina ya hao mbwa ndiyo yaliyokuwa mambo. Wa kwanza aliitwa Semeni. Wa pili, jike, aliitwa Mtachoka. Jirani akianza kumsengenya Kepher kuhusu lolote, mzee alitoka tu mlangoni akaita mbwa wake mmoja baada ya mwingine kwa sauti kubwa, halafu akarudi ndani kunywa chai yake. Sisi huku dukani tulikuwa tunashika mbavu.

Semeni kazi yake ilikuwa kubweka na kula. Mtachoka ndiye aliyekuwa na akili. Kuku wa kambi wana ujinga wa kuingia chini ya majani chai kutaga, jua haliwafikii huko, na nguchiro wanajua saa hiyo kuliko mtu mwenye simu. Jioni Christabel alikuwa anahesabu, akikosa mmoja anamwambia Mtachoka, "Leta." Basi. Mbwa anazama ndani ya majani, unaona tu vichwa vya majani vikitikisika, na baada ya muda anatoka na kuku mdomoni, mzima, anapiga kelele za bure. Anamlaza miguuni pa mama, anakaa, anangoja kipande cha ugali. Mgala muue na haki umpe, mbwa kama yule sijaona tena.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe.

Mwaka jana Kepher alikuwa anastaafu. Nyumba ya kampuni ilitakiwa kurudishwa Jumamosi ya pili ya Desemba, saa sita mchana. Kule Nyakach alikuwa amejenga nyumba ya mabati kwenye kipande chake, lakini hajawahi kulala humo hata siku moja, kwa sababu kwao mtu haingii tu boma jipya kama anayeingia hotelini. Alinieleza mwenyewe, ameegemea meza yangu ya duka. Baba anaingia na jogoo mkononi. Mwana wa kwanza wa kiume anabeba shoka. Mama anabeba moto. Wanalala hapo, na asubuhi jogoo anawika, majirani wanasikia, wanajua hapo sasa pana mwenyewe.

"Si unanunua jogoo mmoja pale Sondu ukipita?" nikamwambia.

Akaniangalia kama mtu niliyemtukana mama yake. "Mama Kim, wengine siku hizi wananunua, sikatai. Lakini jogoo ndiye mwanaume wa boma. Wa kununua ni mwanaume wa mtu mwingine. Wangu ametoka yai kwa nyumba yangu. Nimekaa kwa nyumba ya kampuni miaka thelathini na moja, ndugu zangu wadogo wote wamefungua boma zao, mimi wananiita mtoto wa kampuni. Mtoto na mvi hizi! Nataka kuingia kwangu na kitu changu."

Jogoo huyo alikuwepo kweli. Alianguliwa nyuma ya jiko la Christabel, mwekundu wa mgongo, mkia mweusi, na sauti ya kuamsha kambi nzima pamoja na wale walevi. Mzee alikuwa anampa mahindi kwa mkono. Kepher alikuwa na miaka sitini kasoro, lakini akimshika yule jogoo ungesema ni kijana aliyenunua pikipiki.

Mwezi wa Oktoba Christabel akasema kuku wachanjwe. Nyote mnajua ule ugonjwa wa kuku, wengine huuita kideri, unapita mara moja na kuacha mabanda matupu, na hauna dawa. Ukishaingia, umeingia. Christabel alikuwa amehudhuria mafunzo ya siku moja kanisani, akafundishwa kudondoshea kuku tone moja la chanjo kwenye jicho. Chupa moja ni ya kuku mia, na ukishaichanganya na maji lazima iishe siku hiyo hiyo. Kwa hivyo alituzungukia mlango kwa mlango mpaka tukakubali. Akaenda mjini Kericho mwenyewe, akaleta chupa mbili ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu. Moja ilikuwa yetu sisi wa kambi na langoni. Ya pili ilikuwa ya mzee Chepyegon na wenzake wa ng'ambo ya mto, huyo ndiye anayeniletea maziwa dukani.

Chepyegon alikuja na kichupa cha maji mfukoni.

"Hiyo ni maji gani, mzee?" Christabel akamuuliza.

"Ya chemchemi. Kwangu hakuna mfereji."

"Yawa! Unataka kuweka vyura kwa macho ya kuku?"

"Mama, kuku yangu inakunywa hii maji kila siku, na macho iko."

Tulicheka. Mimi ndiye niliyecheka zaidi, nikashika ukuta. Christabel akamkabidhi chupa yake, akamwambia aende achanganye mwenyewe, yeye hatatia mkono wake kwenye tope la watu. Chepyegon hakukasirika. Alifunga kofia yake ya mvua akaenda.

Sisi wa huku tukachanganyiwa kwa maji ya mfereji. Nakumbuka alivyofungulia bomba, akaacha maji yakimbie kidogo, akayanusa. Yalikuwa na ile harufu ya dawa, harufu ya hospitali. Akatabasamu, na Christabel hatabasamu ovyo. Akachanganya. Mimi nilikuwa nashika kuku, yeye anadondosha, mzee anawapokea na kuwaachilia, na mbwa wote wawili wamelala pembeni wakitazama kama wakaguzi. Jogoo alikuwa wa mwisho. Alidondoshewa tone lake, akapepesa jicho, akajitikisa. Mzee akamwambia, "Sasa wewe umeokoka." Jioni ile kambi nzima tulilala tukijua mambo yetu yamenyooka.

Ugonjwa ulikuja wiki ya mwisho ya Novemba. Ulitokea wapi sijui, wengine wanasema kuku wa kununuliwa sokoni Chebunyo, wengine wanasema ndege wa angani. Ulianzia kwa Christabel. Jumatano tetea wawili walikufa. Alhamisi watatu. Na huyu mwanamke, badala ya kupiga mbiu, alinyamaza! Asubuhi akienda kazini alikuwa amebeba jembe dogo ndani ya gunia lake la kuchumia, anawazika katikati ya majani chai kabla wenzake hawajafika. Mumewe alipouliza mbona kuku wamepungua, alisema wanataga porini.

Nilikuja kumuuliza baadaye kwa nini alinyamaza. Akasema aliona haya. Alikuwa amepita mlango kwa mlango akiwaambia watu walale usingizi, sasa angepita tena aseme nini? Halafu alijiambia labda ni kitu kingine, labda wamekula sumu ya panya, kwa sababu hawa walichanjwa, aliwachanja kwa mkono wake. Jogoo alimhamishia jikoni peke yake, akamfungia mlango, na jogoo alikuwa mzima, anakula, anawika. Hiyo ndiyo iliyomdanganya. Jogoo angali mzima, basi chanjo inafanya kazi.

Jumapili watu wa kanisa walikuja kuwaombea safari njema. Tulikuwa kama ishirini, tumeketi nje kwenye mabenchi, chai imemiminwa, mandazi yako kwenye beseni, na mzee wa kanisa amesimama anasoma. Nikaona Mtachoka anatoka kwenye majani. Mdomoni ana kitu. Nikadhani ni kuku aliyepotea, nikafurahi hata, nikamgusa mwenzangu aone mbwa mwenye kazi.

Alipita katikati ya mabenchi, polepole vile alivyofundishwa, akamlaza kuku miguuni pa Christabel. Kuku amejaa udongo, macho hayapo, amevimba. Harufu ikapanda. Mbwa akakaa, akaangalia mkono wa mama, anangoja ugali wake.

Mzee wa kanisa aliendelea kusoma mstari mmoja zaidi, nadhani kwa kukosa la kufanya. Mtachoka alipoona ugali hauji, akadhani hesabu haijatimia. Akarudi kwenye majani. Akaleta wa pili. Kepher akasema, "Mtachoka, kaa!" lakini sauti haikuwa na nguvu, na mbwa alikuwa amezoea kwamba kuku wote lazima warudi nyumbani. Akaleta wa tatu. Christabel alikuwa ameketi mikono magotini, hakumfukuza wala hakumpiga. Ungempigaje? Alikuwa anafanya kile alichofundishwa, na alikuwa anakifanya vizuri.

"Mama Alfayo," mumewe akamuuliza pale pale mbele ya watu, "hawa wamekufa lini?"

"Tangu Jumatano," akasema.

Haiya! Mabenchi yalibaki matupu na chai ikabaki kwenye vikombe. Kila mtu alikimbilia banda lake. Mimi nilikimbia na hizi goti zangu mpaka nyuma ya duka, nikakuta wawili wamesimama kichwa chini, mabawa yameanguka, kinyesi cha kijani. Nilirudi kwa Christabel mbio, na niliyomwambia sitayarudia yote. Nilimwambia angesema Jumatano ningewachinja wangali wazima, watoto wangekula nyama. Nilimwambia mtu anayeficha maradhi ndiye maradhi. Yeye alikuwa anasema kitu kimoja tu: "Walichanjwa, Mama Kim. Niliwachanja." Nilimwambia achanje na kaburi lake. Ndiyo, nilisema hivyo. Mdomo huu.

Mpaka Jumatano iliyofuata sikuwa na kuku hata mmoja. Tisa, wote. Kambini ilikuwa hivyo hivyo, nyumba baada ya nyumba, watu wanachoma mizoga kwenye mashimo, na Mtachoka amefungwa kamba kwenye nguzo kwa sababu mzee aliogopa atamletea jogoo ugonjwa. Alikuwa analia mchana kutwa. Jioni zile ndizo zilikuwa mbaya zaidi, saa ya kuhesabu kuku ilipofika alikuwa anavuta kamba mpaka shingo inatoka damu. Semeni naye aliacha kubweka. Kambi ilinyamaza, isipokuwa jogoo mmoja tu aliyewika jikoni kwa Christabel, na kila alipowika watu walitemea mate chini.

Jumatano hiyo hiyo Chepyegon akaja na maziwa yake, anaimba chini chini.

"Kuku wako wamebaki wangapi?" nikamuuliza.

"Wote."

"Wote aje?"

"Wote wako. Na za shemeji pia ziko."

Nilisimama na kipimo cha maziwa mkononi. Chupa zilitoka duka moja, siku moja, kwenye barafu moja. Nikachukua simu nikampigia yule kijana wa duka la dawa za mifugo mjini, namba ilikuwa kwenye karatasi ya chanjo. Nilianza kumfokea, akanisikiliza mpaka nikaishiwa na pumzi, halafu akaniuliza swali moja.

"Mama, mlichanganya na maji gani?"

"Maji safi! Ya mfereji, yenye dawa! Si ya chemchemi kama huyu ambaye kuku wake wako wazima!"

Akasema, "Ile dawa inaua vijidudu, mama. Na hiyo chanjo ni kitu hai. Mliiua kabla hamjawapa kuku. Walipewa maji tu. Yule aliyetumia ya chemchemi ndiye aliyechanja."

Nilifunga duka. Niseme ukweli, nilienda kwa Christabel nikiwa na nia ya kumpiga kwa maneno mpaka aanguke. Nilimkuta jikoni anaosha sahani ya jogoo kwa sabuni, jogoo amesimama kando yake. Nikamwambia yote, neno kwa neno kama yule kijana alivyosema. Maji safi ndiyo yaliyoua chanjo. Vyura wa Chepyegon wameokoa kuku.

Alikaa chini, pale pale sakafuni. Akaangalia mikono yake, ile ya mchumaji, vidole vyeusi kwenye kucha hata uoshe vipi. Nilingoja alie. Badala yake aliinua uso polepole akamwangalia jogoo.

"Kwa hivyo na huyu," akasema, "hana kitu."

Ngai, hapo ndipo hasira zangu ziliniacha. Siku zote hizo alikuwa anaamini huyu amekingwa. Nikaketi karibu naye sakafuni, na wote wawili tukamwangalia jogoo akidonoa mahindi yake bila habari. Tulimpigia tena yule kijana. Alisema chanjo kwa kuku aliyekaa na wagonjwa imechelewa, tuombe Mungu tu. Na safari haikuweza kufanywa mapema, jogoo akiwa bado mzima, kwa sababu Alfayo ndiye wa kubeba shoka, na ruhusa yake kazini ilikuwa inaanza Jumamosi.

Kepher aliambiwa jioni. Nilikuwepo, nilikataa kuondoka, nilidhani atampiga. Alisikiliza huku amevua kiatu kimoja. Akasema, "Maji yakimwagika hayazoleki." Akavua cha pili. Halafu akamwuliza mkewe kama amekula.

Alhamisi asubuhi jogoo hakuwika.

Ijumaa shingo ilikuwa imepinda, kichwa kinaangalia mkia, na akijaribu kutembea anazunguka mahali pamoja. Tulimpa shubiri. Tulimpa pilipili iliyopondwa. Tulimpa majivu na maji, tukafungua vidonge vya binadamu tukamtia unga wake mdomoni. Mimi niliyesema achanje na kaburi lake ndiye niliyekuwa nimeshika mdomo wa jogoo wazi. Yote yalikuwa bure na sote tulijua ni bure, lakini utakaa tu ukitazama? Kepher alikuwa anamnywesha maji kwa kijiko, tone moja moja, na maji yanatoka upande wa pili.

Saa kumi Chepyegon akafika, amebeba jogoo kwapani. Mkubwa, mweupe, macho yanawaka. Alikuwa amesikia kwangu. Alisimama mlangoni, akavua kofia.

"Mzee, chukua hii. Usinipe kitu. Enda nayo nyumbani."

Kepher alisimama, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Asante, ndugu yangu. Lakini huyu ni mwanaume wa boma lako. Nikiingia naye kwangu, kwangu patakuwa kwa nani?"

Chepyegon alifikiri. "Ni kweli," akasema. Wazee wanaelewana kwa mambo ambayo mimi yananipandisha damu tu.

"Baba Alfayo!" nikapiga kelele. "Jogoo ni jogoo! Mungu anaangalia rangi ya manyoya?"

"Mungu haangalii, Mama Kim. Majirani ndio wanasikiliza."

Chepyegon akaondoka na jogoo wake, na alipofika kwenye daraja yule jogoo akawika, sauti tamu, ndefu. Christabel aliziba masikio kwa kanga.

Jumamosi pikapu ilikuja saa tatu. Vitanda, masufuria, magunia, matundu mawili ya kuku yaliyobaki bila kuku. Alfayo alifika na shoka lililofungwa kwa gazeti. Mbwa walipandishwa juu ya godoro, Mtachoka na kitambaa shingoni. Christabel alifagia nyumba ya kampuni mara ya mwisho, akapiga deki, akarudi akapiga tena. Nilimwambia, mwanamke, wacha, mwingine ataichafua kesho. Akasema haachi nyumba ya watu ikiwa chafu. Alipotoka nilimpa mkate na maziwa ya njiani. Nilitaka kumwambia maneno yangu ya Jumapili ile ayasahau, lakini mdomo wangu ambao hauna mlango ulipata mlango siku hiyo. Tulishikana tu.

Kepher alikaa mbele karibu na dereva, amevaa koti lake la kiwandani, na ndani ya koti alikuwa jogoo. Kichwa tu kilikuwa nje, kimepinda. Alikuwa hai. Unaona kifua kidogo kinapanda na kushuka. Mzee alikuwa amemkinga na upepo wa dirisha kwa kiganja, na alimwambia dereva aende polepole kwenye matuta.

Nilingoja simu mpaka usiku, haikuja. Jumapili mchana ndipo ilipolia.

"Mlifika?" nikauliza. "Jogoo aliingia?"

"Aliingia," Christabel akasema. "Akiwa hai. Alfayo mbele na shoka, mimi na moto, Baba Alfayo na jogoo. Tuliingia vizuri."

"Na asubuhi? Aliwika?"

Nilisikia watu wakizungumza nyuma yake, vikombe vinagongana.

"Alikufa kabla ya alfajiri, Mama Kim. Kwa mikono ya mzee."

"Woi. Basi hakuwika."

"Ngoja." Akashusha sauti, nadhani alisogea nyuma ya nyumba. "Majirani wamejaa hapa. Wamekuja kutusalimia, ndugu zake wote wamekuja. Wanasema wamesikia jogoo."

"Jogoo gani?"

"Baba Alfayo aliondoka kitandani, akavaa lile koti. Nilidhani anaenda kumzika. Akasimama nje kwa giza, nikamsikia anakohoa, anasafisha koo. Halafu akawika. Mara tatu, Mama Kim. Mtu mzima. Sasa sauti imekauka. Ameketi na wageni, wanamwambia ana jogoo mwenye sauti, na yeye anaitikia kwa kichwa tu."

Nikamuuliza kitu cha kipumbavu, nikamuuliza, "Na kesho je?"

"Ameniambia nimwamshe saa kumi na moja," Christabel akasema.